Mashine Imefika, Sampuli Bado

Mtu akipita leo katika hospitali za Kanda ya Ziwa atakuta vifaa ambavyo miaka 20 iliyopita vingekuwa habari ya gazetini. Mashine za GeneXpert, zinazotafuta vinasaba vya kifua kikuu na kutoa majibu ndani ya saa mbili, na ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliziidhinisha mwaka 2010, sasa zimezoeleka. Eksirei zinazosomwa kwa programu ya kompyuta, zilizopendekezwa na shirika hilohilo mwaka 2021 kwa uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, zinazidi kutajwa katika mipango ya afya. Na tangu Juni 2025, gari la wagonjwa linalotoka Sengerema au Geita halisubiri tena kivuko pale Busisi. Linavuka daraja la kilomita 3 na kuendelea na safari ya Mwanza. Kutokana na hayo yote nimekuwa nikisikia kauli moja ikirudiwa na watu wenye nia njema kabisa, kwamba sasa ugonjwa wa kifua hauna tena pa kujificha na kilichobaki ni kuongeza mashine. Kwa maambukizi yanayozunguka mapafu, kauli hiyo si sahihi. Kinachotukwamisha ni maji yanayopelekwa kwenye mashine: yametolewa sehemu gani ya kifua, ni kiasi gani, yametiwa katika chombo kipi, na yamekaa muda gani njiani. Mashine haiwezi kuona kile ambacho sindano haikukichota.

Nianze na neno lenyewe, kwa sababu hata usemi wetu wa kila siku unatupotosha kidogo. Tunasema mgonjwa ana maji kwenye mapafu, lakini maji ninayoyazungumzia hayamo ndani ya pafu. Pafu limefunikwa na utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani nao una utando wake. Kati ya tando hizo mbili mna uwazi mdogo wenye mililita chache tu za majimaji ya kulainisha, ili pafu liteleze mtu anapovuta pumzi. Nimonia, kifua kikuu, saratani, moyo ulioshindwa kusukuma damu, figo au ini lililochoka, vyote vinaweza kuujaza uwazi huo, mara nyingine kwa lita nzima au zaidi. Katika picha ya eksirei, maji yaliyoletwa na moyo na usaha ulioletwa na bakteria ni weupe uleule. Tena picha ya mgonjwa aliyesimama huhitaji takriban mililita 200 kabla haijaonyesha maji hayo vizuri, na kwa mgonjwa aliyelala hata kiasi kikubwa kuliko hicho kinaweza kutandazika mgongoni kikaonekana kama ukungu tu. Programu ya kompyuta, hata iwe hodari kiasi gani, inasoma picha hiyohiyo. Inaweza kumwambia daktari kwamba kuna kitu. Ni kitu gani, haiwezi kumwambia.

Na swali la ni kitu gani halisubiri. Bakteria wakishaingia kwenye maji hayo, kwa siku za mwanzo maji huwa bado mepesi, na dawa ya kuua bakteria peke yake yaweza kutosha. Kisha protini za damu hujisuka kuwa nyuzi, nyuzi zikaugawa uwazi ule kuwa vijumba vijumba, maji yakawa mazito, yakawa usaha. Na mgonjwa akicheleweshwa zaidi, pafu huvikwa gamba gumu ambalo haliliruhusu kutanuka tena bila upasuaji. Mabadiliko hayo yanaweza kutokea kwa siku, wala hayangoji miezi, na hata katika nchi tajiri kama Uingereza vifo vitokanavyo na maambukizi ya aina hii hufikia mgonjwa mmoja kati ya watano. Ndiyo maana miongozo ya tiba inasisitiza maji yapimwe mapema. Yakiwa usaha kwa macho, au pH yake, yaani kipimo cha asidi, ikiwa 7.2 au chini ya hapo, au pH isipoweza kupimwa sukari yake ikiwa chini ya milimoli 3.3 kwa lita, dawa peke yake haitoshi. Mrija huwekwa na maji yakatolewa. Uamuzi wa mrija, ambao kwa mgonjwa ni uamuzi wa uhai, unasimama juu ya mililita chache za maji. Zikichotwa au kutunzwa vibaya, uamuzi wote unapinda, na hakuna atakayejua kwamba umepinda.

Tutazame pH kwa karibu, maana ndipo mambo madogo yanapofanya kazi kubwa. Maji ya kupima pH huchukuliwa kwa bomba la sindano lenye heparini, dawa ya kuzuia kuganda, hewa yote ikatolewa, bomba likafungwa mdomo na kupelekwa haraka kwenye mashine ya kupimia gesi za damu. Karatasi za kupimia asidi hazina usahihi unaohitajika hapa. Hewa kidogo ikibaki humo, pH inapanda, na maji yenye hatari yanaonekana salama. Dawa ya ganzi ikibaki kwenye bomba kwa sababu mtu ametumia bomba lilelile kuchoma ganzi na kuchota maji, pH inashuka, na mgonjwa asiyehitaji mrija anawekewa mrija. Sukari nayo ina shida yake: chembe hai zilizomo kwenye maji zinaendelea kuila hata baada ya maji kutoka mwilini, kwa hiyo sampuli iliyokaa mezani mchana kutwa bila chupa yenye floridi ya kuzuia ulaji huo huleta jibu la chini kuliko ukweli. Hata kipimo kinachojulikana kuliko vyote, vigezo vya Richard Light vya mwaka 1972 vinavyotenganisha maji yanayotokana na moyo, figo au ini na yale yanayotokana na ugonjwa wa utando wenyewe, hulinganisha protini na kimeng'enya cha LDH katika maji na viwango hivyohivyo katika damu. Bila damu ya mgonjwa iliyochotwa wakati uleule, nusu ya hesabu haipo. Na mara nyingi damu hiyo haichotwi. Haichotwi kwa sababu aliyeandika fomu ya maji siye aliyeandika fomu ya damu, au kwa sababu damu ilishachotwa juzi kwa kipimo kingine.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji mashine yoyote na bado tunayaacha. Maji yenye harufu ya kuoza yanatangaza bakteria wasiopenda hewa ya oksijeni, na daktari aliyeyanusa anajua dawa gani asiikose kabla maabara haijasema neno. Maji meupe kama maziwa yakizungushwa kwenye mashine ya kutenganishia sampuli, yakatulia juu yakawa maangavu, basi weupe ule ulikuwa wa chembe za usaha. Yakibaki meupe vilevile, ni mafuta yanayovuja kutoka kwenye mshipa wa limfu, ugonjwa mwingine kabisa. Rangi, harufu, uzito na kiasi cha maji vingepaswa kuandikwa kwenye fomu na mtu aliyeyachota, ambaye ndiye pekee aliyeyaona yakitoka.

Sasa nije kwenye kifua kikuu, maana hapa kwetu likitajwa neno maji ya kifua wote hufikiria TB, na wana sababu ya kufikiri hivyo. Tanzania imo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Kutoelewana kukubwa kuliko kwingine kumeingia hapa, kwa kuwa GeneXpert imepata sifa yake kwenye makohozi, na sifa hiyo tumeihamishia kwenye maji ya kifua bila kuuliza kama inahamishika. Maji ya TB mara nyingi ni matokeo ya mwili kuwaka dhidi ya bakteria wachache waliofika kwenye utando. Bakteria wenyewe wamo zaidi katika nyama ya utando kuliko katika maji. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba, ikilinganishwa na kuotesha vimelea, katriji ya mwanzo ya Xpert, yaani kile kibweta cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine ya GeneXpert, hugundua takriban nusu tu ya TB iliyomo kwenye maji ya kifua, na katriji mpya zaidi ya Ultra takriban robo tatu. Kuotesha kwenyewe hukosa wagonjwa wengi, kwa hiyo hali halisi ni dhaifu kuliko tarakimu hizo zinavyosoma. Darubini ya kawaida ni dhaifu zaidi. Huona vimelea kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya kumi. Hata wale panya mashuhuri wa Morogoro waliofunzwa na shirika la APOPO hunusa makohozi, na mgonjwa wa maji ya kifua mara nyingi kikohozi chake ni kikavu.

Maana yake ni kwamba jibu la "TB haijaonekana" katika maji ya kifua halimwambii mgonjwa kwamba hana TB. Linamwambia kwamba haikuonekana katika matone yale. Tofauti ya kauli hizo mbili inaweza kuwa miaka ya maisha ya mtu, kwa sababu maji ya TB yana tabia ya hila: mengi hukauka yenyewe bila dawa yoyote, mgonjwa akarudi kwenye mtumbwi wake akijiona amepona. Uchunguzi wa wanajeshi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1955 ulifuatilia watu waliopata maji ya aina hiyo kabla dawa hazijaenea, na takriban theluthi mbili yao walipata TB hai katika miaka iliyofuata. Mtu wa namna hiyo akiambiwa hana TB, anaondoka hospitali na ugonjwa uliolala. Zipo njia za kupunguza hasara hiyo, na zote zinaanzia kwenye sampuli iliyo bora. Kiasi cha maji kiwe cha kutosha. Chembe zihesabiwe ili ionekane kama limfosaiti, aina moja ya chembe nyeupe za damu, ndizo nyingi. Kipimo cha kimeng'enya cha ADA kifanywe, ambacho kikizidi yuniti 40 kwa lita katika maji yenye limfosaiti nyingi, kwa eneo lenye TB nyingi kama letu, huwa ushahidi mzito. Tahadhari yake ni kwamba ADA hupanda pia kwenye usaha wa bakteria wa kawaida, ndiyo maana haisomwi peke yake. Na panapokuwa na mtaalamu, kipande kidogo cha utando chenyewe huonyesha zaidi kuliko maji, kwa sababu ndiko ugonjwa uliko.

Kwa bakteria wa kawaida, wale wanaoleta usaha, tatizo ni lingine na dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Hata katika maabara nzuri za nje, kuotesha maji kwa njia ya kawaida hushindwa kupata kimelea kwa wagonjwa wengi. Sababu moja ni dawa ambazo mgonjwa ameshameza kabla hajafika, na hapa kwetu, ambapo vidonge hununuliwa duka la dawa baridi kwa kutaja jina tu, sababu hiyo ina nguvu mara mbili. Sababu nyingine ni kwamba bakteria hufa njiani, hasa wale wasiovumilia hewa. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2011 jaribio lililokuwa jepesi kiasi cha kushangaza: palepale kitandani, baada ya kuchota maji, walitia sehemu kwenye chombo kisafi cha kawaida na sehemu nyingine moja kwa moja kwenye zile chupa za kuoteshea damu, ambazo zina chakula cha bakteria tayari. Wagonjwa waliopatikana kimelea waliongezeka kutoka takriban asilimia 38 hadi asilimia 58. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa. Kilichobadilika ni chombo, na dakika ambayo maji yaliingia humo. Mgonjwa aliyejulikana kimelea chake hupewa dawa inayomlenga. Asiyejulikana hupewa dawa pana kwa wiki nyingi, na sote tunalia na usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka kadhaa katika hospitali moja kandokando ya ziwa, na katika sampuli zote nilizopokea kuna moja ambayo haijanitoka. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Kijana alisimama dirishani akiwa na kichupa alichokizungushia glovu ya mpira na kuifunga fundo, na akakitoa kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai. Ndani mlikuwa na mililita 3 hivi za maji ya rangi ya chai, yameshaganda kama uji wa muhogo uliopoa, kwa sababu hakikuwa na dawa ya kuzuia kuganda. Wino wa lebo ulikuwa umelowa. Nilisoma neno "kifua" na jina la wadi, jina la mgonjwa nililipata kwenye fomu. Fomu iliomba kila kitu: protini, sukari, chembe, vimelea, TB, na saratani. Nilimuuliza yametolewa saa ngapi, akasema asubuhi, kabla ya daktari kumaliza mzunguko. Alikuwa kwenye foleni ya malipo tangu hapo. Kaka yake ndiye aliyelala wadini, wametoka kisiwani. Nilifanya kilichowezekana, na Jumatatu niliandika kwa mkono wangu kwamba hakuna vimelea vilivyoota. Kila neno la jibu lile lilikuwa kweli, na jibu zima halikumsaidia mgonjwa, maana lilisomwa kama ushahidi kwamba hana maambukizi. Siku chache baadaye kaka yake aliwekewa mrija, na kilichotoka kilikuwa usaha.

Wapo wanaosema kwamba katika eneo lenye TB nyingi kama letu hakuna haja ya kuhangaika na sampuli: mgonjwa kijana mwenye homa, jasho la usiku na maji upande mmoja wa kifua aanzishiwe dawa za TB, kwa kuwa mara nyingi utakuwa umepatia. Hoja hii ina uzito na sitaidharau. Nimeeleza mwenyewe kwamba vipimo hukosa TB nyingi. Kumngojesha mgonjwa hadi kipimo kikiri kungekuwa kosa kubwa zaidi, na miongozo inamruhusu daktari kuanzisha dawa kwa dalili. Lakini kuanzisha dawa kwa dalili hakumaanishi kuanzisha dawa bila kuyaona maji. Daktari aliyeyachota na kuyakuta maangavu yenye limfosaiti nyingi, akaanzisha dawa za TB ingawa Xpert imenyamaza, amefanya uamuzi wa kitaalamu. Aliyeanzisha dawa zilezile kwa picha ya eksirei tu anaweza kuwa ameuacha usaha kifuani, na usaha hauponi kwa dawa za TB. Au ameiacha saratani, au kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, saratani ya Kaposi, ambayo nayo huleta maji kifuani, mara nyingi yenye damu. Miezi sita ya dawa ni miezi sita ambayo hakuna anayetafuta ugonjwa mwingine. Kwa hiyo hoja hii, ikisikilizwa vizuri, inadai sampuli bora badala ya kuikataa.

Hoja ya gharama nayo ni ya kweli. Chupa za kuoteshea damu si za bei ya vichupa vya kawaida, vitendanishi huadimika, na mkuu wa hospitali mwenye bajeti finyu ana haki ya kuuliza kwa nini afungue mkoba kwa ajili ya wagonjwa wachache. Jibu langu ni kwamba hakuna anayeomba chupa hizo kwa kila tone la maji. Mgonjwa ambaye miguu yote imevimba na moyo wake unajulikana umechoka, mwenye maji pande zote mbili na asiye na homa, anatibiwa moyo kwanza. Chupa ni za yule mwenye homa na maji upande mmoja, na wagonjwa hao katika hospitali ya wilaya si wa kila siku. Upande wa pili wa mizani uwekwe vitu vinavyolipiwa bila kuhesabiwa: kitanda cha wiki nne, dawa za sindano za bei ya juu zilizotolewa kwa kubahatisha, rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando jijini Mwanza kwa upasuaji wa kumenya gamba la pafu, na katriji ya Xpert iliyotumika kwenye sampuli ya mililita moja iliyokuwa imeshaganda. Iko Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na utekelezaji wake utatulazimisha kuamua nini hasa kinalipiwa. Ningependa uchotaji wa maji ya kifua uhesabiwe kuwa huduma moja kamili, pamoja na vyombo vyake vyote na damu ya mgonjwa ya wakati uleule, ili ndugu asisimame kwenye foleni ya malipo ameshika maji yanayoharibika mkononi.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi mitaani, kuanzia Kirumba hadi visiwani: kwamba ukitobolewa maji ya kifua hutoki salama, na kwamba maji yakishatolewa yanarudi zaidi. Wanaoisema hawadanganyi kuhusu walichokiona. Wamemwona mzee akiingia hospitali anahema, akachomwa sindano, na baada ya siku mbili akaletwa nyumbani maiti. Ila wamesahau kuhesabu wiki ambazo mzee alikaa nyumbani akinywa dawa za kikohozi, hadi ndugu walipokubali kumpeleka akiwa hawezi tena kulala chali. Sindano ilimkuta mwishoni mwa safari, ikabeba lawama ya safari nzima. Maji nayo hurudi pale ugonjwa unaoyaleta unapoachwa bila kutibiwa. Kutoa maji bila kujua ni ya nini ni sawa na kukumba maji kwenye mtumbwi bila kuziba tundu. Hatari za kweli zipo, nazo ni kutoboa pafu hewa ikavuja na kukata mshipa wa damu, na zinajulikana zinavyopunguzwa. Sindano hupita juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu hupita chini ya ukingo wa chini wa kila ubavu. Na mahali pa kuchoma huonyeshwa na altrasaundi palepale wakati wa kuchoma, badala ya kubahatisha kwa kugonga mgongo kwa vidole au kwa picha ya eksirei ya juzi.

Hapo kwenye altrasaundi nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona nafasi iliyo karibu nasi kuliko zote. Kifaa kilekile kinachomwangalia mtoto tumboni, ambacho hospitali zetu nyingi za wilaya zinacho na wajawazito wanakijua kwa jina, huona maji ya kifua kwa kiasi kidogo kuliko eksirei. Tena huonyesha kitu ambacho eksirei haiwezi kukionyesha: zile nyuzi na vijumba ndani ya maji, dalili kwamba ugonjwa umeshaingia hatua ya pili. Maji yenye vijumba yana mtego mbaya kwa sampuli. Kijumba kimoja kinaweza kuwa na maji maangavu huku cha jirani kimejaa usaha, na sindano iliyoingia kwenye kile cha kwanza italeta majibu ya kutuliza ilhali mgonjwa anazidi kuungua. Aliyechoma akiangalia kioo anajua amechota wapi, na anaweza kuandika hivyo kwenye fomu. Kinachokosekana ni mafunzo ya siku chache na ruhusa ya kukihamisha kifaa kutoka kliniki ya wajawazito hadi wadi ya wanaume. Nasema ruhusa kwa makusudi, maana nimeona kifaa kikifungiwa kabati saa tisa alasiri huku wadi ya jirani daktari akibahatisha mahali pa kuchoma.

Upande wa maabara nasi tuna sehemu yetu. Maji yaliyochukuliwa kwenye chombo cha mrija uliokwisha kaa siku tatu yataotesha wadudu wa kwenye plastiki, siyo wa kifuani. Tuyakatae na tupige simu wadini siku hiyohiyo, badala ya kuyapokea na kutoa jibu lenye jina la kutisha. Sampuli ndogo mno isigawanywe kwa vipimo sita hadi vyote vikose maana; aliyechota aulizwe anashuku nini zaidi, na maji yaende huko. Mililita 20 hadi 50 zinatosheleza karibu kila kitu, na kwa mgonjwa mwenye lita nzima kifuani hakuna sababu ya kumchomea mililita 3. Pale inaposhukiwa saratani, kiasi kikubwa ndicho kinachotakiwa hasa, walau mililita 25 kwa ajili ya kutazama chembe. Na jibu letu lisiishie kwenye maneno "hakuna vimelea vilivyoota". Liseme pia maji yalipokelewa saa ngapi baada ya kuchotwa, yalikuwa kiasi gani, na kama mgonjwa alishaanza dawa, ili daktari ajue jibu hilo alipe uzito gani.

Visiwani hesabu hii inakuwa kali zaidi. Maji yaliyochotwa Ukerewe leo asubuhi na kutiwa kwenye kichupa kitupu yatasafiri kwa meli kwa saa kadhaa, yatashuka bandarini Mwanza, yatapanda pikipiki hadi kilimani Bugando, na bakteria wengi waliokuwamo watakuwa wameshakufa au wamemezwa na wale wanaokua haraka. Daraja la Busisi halimsaidii mgonjwa huyo. Lakini maji hayohayo, mililita 5 hivi katika kila chupa ya kuoteshea damu, yaliyotiwa palepale kitandani Nansio, mji wa Ukerewe, na kuachwa katika joto la kawaida la chumba bila kuwekwa kwenye friji, yanaanza kuotesha yakiwa bado njiani, huku kichupa cha pili kisafi kwa ajili ya TB kikisafiri pembeni yake, kwa kuwa chupa za damu za kawaida hazimwoteshi mdudu wa TB. Aliye mbali na maabara ndiye anayefaidika zaidi na chupa hiyo, na leo hii ndiye mwenye uwezekano mdogo kuliko wote wa kuikuta kwenye trei ya daktari wake. Mgao wa kwanza wa chupa ungeanzia kwake.